Mkataba tulioandika nusu

Mwezi wa Shaabani uliopita mama mmoja alifika katika ofisi ya msikiti wetu baada ya sala ya Alasiri. Alitoa salamu, akaketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu asiyekusudia kukaa, akasema: "Ustadh, sikuja kuomba msaada. Nimekuja kuuliza. Mwanangu yuko hapa chini, duka la pili kutoka ngazini. Adhana inasomwa juu ya kichwa chake. Mbona hii ni wiki ya tano hajaipata sala ya Ijumaa?"

Nilidhani ni habari ya kijana aliyelegea katika ibada, na nasaha nilikuwa nimekwisha kuziandaa. Akanieleza kwamba duka hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa tatu usiku, na kwamba kijana wake yuko hapo na binti mmoja tu. Siku ya Ijumaa anayepanda msikitini ni mwenye duka. Kijana hubaki kulinda mzigo. Mwenye duka huyo ni mtu wa safu ya kwanza, na nimewahi kumsifu hadharani kwa mchango wake wa mazulia. Mlango wenyewe ni mali ya wakfu, mmoja kati ya milango sita ambayo msikiti huipangisha, na mkataba wake niliuandika mimi.

Mama alipoondoka niliutafuta kabatini. Una kurasa nne. Umetaja kodi na tarehe ya kuilipa, umeme, maji, taka, marufuku ya pombe, na marufuku ya kupiga muziki wakati wa adhana. Muziki tuliukumbuka. Kuhusu mtu atakayesimama nyuma ya kaunta hatukuandika hata neno moja.

Nimeona niwaandikie wasomaji wa ukurasa huu wa familia kwa sababu jambo hili ni letu. Wengi wa vijana wanaosimama madukani ni watoto wetu, wengi wa wenye maduka ni ndugu zetu, na sisi sote ni wateja.

Nianze na sheria, kwani nimegundua kwamba wapangaji wetu wengi hawaijui, na mimi mwenyewe nilikuwa naijua kwa kusikia tu. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 (Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2005). Sheria hii haisemi duka lifunguliwe lini wala lifungwe lini. Inachopima ni saa za mtu. Kazi ya kawaida isizidi saa 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki, na jumla yake isizidi saa 45. Kazi ya ziada haina budi iwe kwa makubaliano, ilipwe mara moja na nusu ya kiwango cha saa, na isizidi saa 50 katika kila wiki nne. Hata ikiongezwa, siku moja isimchukue mtu zaidi ya saa 12. Baina ya kutoka na kurudi kazini apate saa 12 za kupumzika, na kila wiki apate saa 24 mfululizo zisizo na kazi.

Sasa tumpime kijana wa duka la pili. Kutoka saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku ni saa 14. Tumpunguzie saa moja ya chakula, ambayo kwa hakika haipati, kwani hula akiwa ameegemea majora ya vitambaa huku jicho liko mlangoni. Zinabaki saa 13 kwa siku. Kwa siku sita ni saa 78. Ukitoa zile 45 za kawaida, kila wiki anafanya saa 33 za ziada, na kwa wiki nne ni saa 132, mahali ambapo sheria imeweka kikomo cha 50. Malipo ya ziada hayo hayajapata kutajwa. Usiku ana saa 10 za kupumzika, na ndani ya hizo 10 yamo mabasi mawili ya kwenda na mawili ya kurudi.

Nilikwenda kuzungumza na mwenye duka. Nataka nimtendee haki, maana ni rahisi kumgeuza mtu kuwa dhalimu kwenye gazeti. Aliniambia: "Ustadh, yule si mfanyakazi. Yule ni mwanangu." Wala hakuwa akisema uongo. Mama wa kijana alipolazwa, bili ya hospitali aliilipa yeye. Mwenyewe huingia dukani saa moja na kutoka saa tatu, sawasawa na kijana. Wateja wake wa jumla hutoka Lubumbashi na Lusaka, hufunga mzigo Ijumaa ili uwahi gari la jioni, na akifunga mlango watakwenda mlango wa jirani. Kodi analipa ya miezi sita kwa mkupuo, na anayeipokea ni sisi.

Hata hivyo nilimwuliza: huyu mwanao akimaliza mwezi akasema amefanya saa mia moja na thelathini zaidi, utamlipa kama mfanyakazi au utamwambia ni mwanao? Akacheka, kisha akanyamaza. Mwenye duka anayechoka saa 14 hula faida ya uchovu wake. Kijana achokaye saa hizo hizo hupokea kiasi kile kile kilichotajwa kwa mdomo siku ya kwanza. Neno "mwanangu" linapendeza, ila nimeona mara nyingi linavyotumika mahali pa karatasi.

Katika dini yetu karatasi si dalili ya kutoaminiana. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Na katika Suratul Qasas tunasoma jinsi mzee wa Madyan alivyomwajiri Nabii Musa (AS), mtu aliyekuwa karibu kuwa mkwe wake. Undugu ulikuwa unaingia nyumbani, na bado muda ulitajwa: miaka minane. Miaka miwili ya kuongeza iliachwa katika hiari ya Musa, na mwajiri akatamka mwenyewe kwamba hakusudii kumtia mashaka. Izingatie ile miaka miwili. Kazi ya ziada ilikuwa ya mfanyaji kuitoa. Sheria ya 2004 inaposema kazi ya ziada iwe kwa makubaliano, haijaleta jambo geni kwa anayeisoma sura hiyo.

Nilipokuwa chuoni tulisoma Al-Mawardi, yule kadhi na mwanachuoni wa Baghdad aliyefariki mwaka 1058. Katika mlango wa hisba, anapoeleza kazi za msimamizi wa soko, ametaja kwamba mwajiri akimpunguzia kibarua ujira au akimzidishia kazi, msimamizi ana wajibu wa kumzuia. Tuliihifadhi ibara hiyo kwa ajili ya mtihani. Haikunipitikia kwamba siku moja nitakuwa katibu wa msikiti wenye maduka sita.

Kuhusu sala, mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi wamekwisha kulisema: mtu akiajiriwa kwa siku, nyakati za sala za faradhi na udhu wake zimetolewa ndani ya mkataba hata kama hazikutajwa, na ujira haupungui kwa ajili yake. Ama Ijumaa, amri ya kuacha biashara inaponadiwa sala inajulikana na kila mtoto wa madrasa. Jambo ambalo sikuwa nimelitambua ni kwamba hata sheria ya nchi inafungua mlango huo huo bila ya kukusudia. Aliyefanya kazi saa tano mfululizo anastahiki mapumziko ya dakika 60. Aliyeanza saa moja na nusu asubuhi, saa tano zake hutimia saa sita na nusu mchana, wakati ambao khatibu yuko karibu na mimbari.

Yapo maduka yanayolitatua hili kwa kumwacha binti dukani, kwa hoja kwamba mwanamke Ijumaa haimlazimu. Hoja ya fiqhi ni sahihi. Ila hakuna aliyemwuliza yeye atakula saa ngapi.

Mwaka 2025 Mkoa wa Dar es Salaam ulizindua biashara ya saa 24 katika eneo la Kariakoo, ambako msikiti wetu uko hatua chache tu. Wapo waumini walionijia wakitaka tuupinge mpango ule. Sikuona sababu. Duka linaweza kukaa wazi usiku na mchana kama hospitali na bandari, maadamu watu wanapokezana kwa zamu. Ubaya ni duka kukesha na mtu yule yule. Sheria inahesabu kazi ya usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na anayeifanya anastahiki nyongeza ya asilimia 5 ya ujira. Mjamzito haruhusiwi kuwekwa zamu hiyo katika miezi miwili kabla ya siku anayotarajiwa kujifungua, wala mzazi katika miezi miwili baada ya kujifungua. Kwa wengine mlango ndio uliofungiwa sheria: Uingereza, duka kubwa lenye zaidi ya mita za mraba 280 haliruhusiwi kufunguliwa zaidi ya saa sita siku ya Jumapili, kwa sheria ya mwaka 1994. Nchi hiyo hiyo mwaka 1899 ilitunga sheria kwa ajili ya viti tu, ili wahudumu wa kike wa madukani wapate mahali pa kukaa. Nilipoisoma habari hiyo nilishuka ngazi nikahesabu. Katika milango yetu sita kulikuwa na viti vinne, vyote vya wenye maduka na wateja.

Jambo jingine ni upotevu wa bidhaa. Mwisho wa mwezi mzigo ukihesabiwa na jora moja likakosekana, thamani yake hukatwa kwenye mshahara wa kijana na binti nusu kwa nusu. Fiqhi inasema mkono wa mwajiriwa ni mkono wa amana: hadhaminishwi ila akifanya uzembe au akivuka mipaka. Sheria nayo inataka kwanza ithibitike kuwa kosa ni lake, aarifiwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya ujira. Na mwenye duka asiye na mkataba wa maandishi ajue kwamba kukitokea mgogoro, mzigo wa kuthibitisha kilichokubaliwa unamwangukia yeye.

Nisisahau Ramadhani, na hapa nasema nikijihesabu. Tunawahurumia wanaofuturu kwa tende moja nyuma ya kaunta huku foleni ikiwa mlangoni. Lakini foleni ile ni nani? Usiku wa ishirini na saba mwaka jana, baada ya Tarawehe, nilimpeleka mwanangu kununua kanzu ya Idd. Ilikuwa saa tano kasoro robo usiku. Binti aliyetuhudumia alivua viatu, akapanda juu ya meza kuifikia kanzu, na niliona nyayo zake zilivyovimba. Nilibishana naye bei. Kanzu ile ningeweza kuinunua mwezi wa Rajabu.

Kamati yetu ililijadili shauri hili mara tatu. Pendekezo nililoliandika ni kwamba kila mpangaji wa wakfu awe na karatasi ya kila mfanyakazi inayotaja saa, ujira na siku ya mapumziko. Kwamba milango yote sita ifungwe kuanzia adhana ya Ijumaa hadi imamu atoe salamu, na wafanyakazi wote, wake kwa waume, wawe huru saa hiyo. Na kwamba atakayetaka kukaa wazi baada ya saa moja usiku alete zamu ya pili. Mweka Hazina alipinga, na hoja yake si nyepesi. Kodi ya milango hiyo ndiyo inayolipa posho za walimu wa madrasa. Wapangaji wawili wakihama, darasa moja litafungwa.

Hapo mzee mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi kitu kikaoni, aliuliza: "Na walimu wenyewe wana karatasi? Na yule mhudumu wetu anayefungua msikiti kabla ya Alfajiri na kuufunga baada ya Isha, ana siku ya mapumziko?" Mwenyekiti akanitazama. Mimi ndiye ninayetunza majalada. Hawana karatasi, na mhudumu hana siku. Mikataba hiyo ndiyo ninayoiandika sasa, kabla ya ile ya wapangaji, kwa kuwa sikuona ningeshuka kwa uso gani kuwadai wengine.

Kufikia leo wapangaji watatu kati ya sita wamekubali kutia saini. Mwenye duka la pili ni mmoja wao kwa upande wa Ijumaa tu. Kijana nimemwona msikitini Ijumaa nne mfululizo, safu za nyuma, karibu na mlango. Kuhusu saa za usiku tutaendelea na mazungumzo katika kikao cha Jumamosi, baada ya Isha. Wapangaji wawili wameomba kisianze kabla ya saa tatu na nusu, kwa kuwa hadi saa tatu wanakuwa bado hawajafunga.