Beringi Utaipata Wapi?

Mwanafunzi wangu wa uhandisi aliwahi kuleta mashine ya kupukuchua mahindi aliyoichomelea kwa mikono yake. Kazi safi: ngoma ilizunguka bila kelele, punje zilitoka nzima. Nikamuuliza, beringi ikifa, mkulima ataipata wapi? Akanyamaza. Alikuwa ameing'oa kwenye mashine kuukuu ya chuoni, ya vipimo vya inchi, na madukani haipo. Mashine ilipata alama nzuri, ikasukumwa kwenye kona ya karakana, ikashika kutu.

Kosa lilikuwa letu walimu. Tulimfundisha msuguano na mzunguko, lakini ujasiriamali aliusoma jengo jingine, kwa mwalimu mwingine. Huko aliandika mchanganuo wa biashara ya kufuga kuku, akafaulu, akausahau. Hakuna aliyemwambia kwamba kuchagua beringi inayouzwa kila duka la vipuri ni uhandisi na ni biashara papo hapo.

Kuona yote mawili yakienda pamoja, tazama Arusha. Visima vingi vya ukanda ule vina floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Meno ya watoto hugeuka kahawia, na ikizidi sana mifupa nayo hudhurika. Mchanga wa kawaida huzuia tope na baadhi ya vijidudu, lakini floraidi iliyokwisha kuyeyuka hupenya. Dkt. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela, aliunganisha mchanga na chembe za nano zinazorekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 akashinda tuzo ya uvumbuzi wa kihandisi barani Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Kemia yake inasifiwa, na inastahili. Ila darasani mimi hukaa zaidi kwenye upande wa malipo. Familia nyingi hazimudu bei ya chujio kwa mkupuo mmoja, lakini zinamudu kununua maji kidogo kidogo. Basi machujio yakawekwa kwenye vituo vya maji, na wafanyabiashara wadogo wakawauzia majirani maji yaliyochujwa. Swali la nani atalipa, na kwa namna gani, lilijibiwa na mtu yule yule aliyejibu swali la floraidi.

Hesabu ya bei nayo ina mtego wake. Mwanafunzi hujumlisha bati, mkanda na rangi, akasahau diski za kukatia, umeme, nauli, vipande vya chuma vilivyobaki na saa zake mwenyewe. Anauza kwa hasara huku akifurahia noti mkononi. Nimewaona mafundi hodari wakifunga karakana kwa sababu hiyo tu.

Sera ya Elimu ya Tanzania, toleo la 2023, imefungua mkondo wa amali sekondari. Naomba sana tusirudie huko kosa la kutenganisha daftari la ufundi na daftari la biashara.

Kwangu, siku hizi hakuna anayegusa chuma kabla ya kuzunguka maduka ya vipuri na kurudi na bei tatu. Binti mmoja alikuwa amechora shafti ya milimita 28. Alirudi jioni, vumbi miguuni, akaufuta mchoro wote na kuanza upya kwa milimita 25. "Mwalimu," akaniambia, "beringi ya shafti hii, 6205, ipo kila duka."