Boti kubwa, hesabu kubwa zaidi

KIGOMA – Mfanyabiashara wa Kibirizi aliyezoea kupeleka chumvi na unga Rumonge, Burundi, kwa boti ya mita 9 hufika siku akaona chombo kimemwia kidogo. Wateja wanadai mzigo, naye anaacha magunia ufukweni. Dalali akimwonesha boti ya mita 18, mtaji wake wote unaingia kwenye mizani.

Kwanza aangalie nafasi. Boti yenye urefu maradufu, ikiwa upana na kina vimeongezeka kwa kiwango hicho hicho, ina ujazo mara nane. Tamaa huanzia hapo, na hasara pia, kwa kuwa tumbo hilo linataka kujazwa kwenda na kurudi. Likirudi tupu, mafuta na posho za mabaharia hulipwa vilevile, na chombo chepesi huyumba hadi kitiwe farumi.

Pili ni mwendo. Kigoma hadi Rumonge ni kama kilomita 100. Boti nzito ya mita 9 hufikia kikomo chake karibu kilomita 13 kwa saa, na ya mita 18 karibu 19. Safari ya saa nane inaweza kushuka hadi chini ya saa sita. Lakini kasi ina bei yake: ukiongeza mwendo kwa robo, nguvu inayotakiwa kwenye injini hukaribia kuwa maradufu. Asiyekimbilia soko hupunguza mwendo na kuokoa dizeli.

Tatu ni ziwa lenyewe. Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na kina cha hadi mita 1,470, na kati ya Mei na Septemba upepo wa kusi huamsha mawimbi makali. Chombo kirefu huyahimili vizuri zaidi, ila kikipakiwa kupita alama yake, ukubwa hauokoi mtu.

La nne husahaulika: forodha. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo wa bidhaa zilizo kwenye orodha, usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, hupita kwa cheti rahisi cha uasilia. Mzigo wa mtu mmoja ukivuka hapo, huingia kwenye taratibu za kawaida, pamoja na gharama za wakala. Aliyejaza boti kubwa kwa mali yake peke yake aweke gharama hizo kwenye bei ya gunia tangu mwanzo.

Kabla ya kutoa fedha, boti ipandishwe nchi kavu. Fundi agonge mbao za mkuku na mataruma kutafuta zilizooza, akague kalafati, kisha injini iwashwe ikiwa baridi. Hati za umiliki na cheti cha ukaguzi visomwe kabla ya kupeana mikono.

Njia salama ni kukodi kwanza. Safari tatu au nne, kila lita na kila gunia likiandikwa daftarini, humwambia mwenye mali zaidi ya dalali. Wengine huungana wawili au watatu, wakaandikiana mkataba wa zamu na matengenezo. Na daftari likionesha tumbo halijai hata nusu, basi ile ya mita 9 bado ina kazi.