Kiwiko Kinauma, Chanzo Ni Mshiko

Mama anakamua shuka alilofua. Amelishika kwa nguvu, anazungusha mikono, maji yanachuruzika. Mara maumivu yanamchoma upande wa nje wa kiwiko cha kulia na shuka linamponyoka. Hakuanguka, hakugongwa. Kesho yake hata birika la chai linamshinda kuinua.

Huenda hajawahi kugusa raketi, lakini ana dalili zote za kiwiko cha tenisi. Madaktari wa Uingereza waliyahusisha maumivu haya na mchezo huo miaka ya 1880, ingawa mwaka 1873 daktari Mjerumani, Runge, alikwisha kuyaeleza kwa watu walioumizwa na kuandika. Wagonjwa wengi hawachezi tenisi kabisa: ni wapaka rangi, maseremala, wauza nyama, wapishi, aghalabu wenye umri wa miaka 35 hadi 55.

Misuli inayoinua kiganja imelala juu ya kigasha, na kano yake imejishikiza kwenye kinundu cha mfupa kilicho upande wa nje wa kiwiko. Ukishika kitu kwa nguvu, misuli hiyo hulazimika kukaza ili kifundo cha mkono kisipinde. Kwa hiyo anayebana bisibisi kutwa nzima anaivuta kano ile ile kila mara, hata kama kiwiko chenyewe hakisogei. Maumivu yakishakuwa sugu, hadubini huonyesha nyuzi za kano zilizovurugika, na seli za uvimbe ni chache mno au hazipo. Kano imechakaa kwa kubebeshwa mzigo mzito kuliko inavyoweza kujikarabati.

Jipime hivi. Nyoosha mkono mbele, kiganja kikitazama chini, kunja ngumi, kisha jaribu kuiinua huku mwenzako akiikandamiza. Maumivu yakija pale kwenye kinundu, na ukipabonyeza kwa kidole panauma vilevile, dalili ni nzito. Kupeana mkono kunauma, kufungua kifuniko cha chupa kunauma, kikombe kinaponyoka. Hata hivyo kiwiko hukunjika na kunyooka karibu kama kawaida, na kwa kawaida hakivimbi. Hapo ndipo wengi hudanganyika, wakaendelea na kazi kwa miezi.

Ganzi ya vidole, au maumivu yanayoshuka kutoka shingoni, yanaashiria tatizo la mshipa wa fahamu. Kiwiko chekundu, chenye joto na kuvimba, hasa ukiwa na homa, au kilichokwama baada ya kuanguka, kipelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Usikimbilie sindano ya steroidi. Inatuliza haraka, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Katika utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2013, asilimia 83 ya waliochomwa steroidi walikuwa wamepona au kupata nafuu kubwa baada ya mwaka mmoja. Kwa waliochomwa sindano isiyo na dawa, walikuwa asilimia 96. Walioanza kupona kisha wakaumwa tena walikuwa wengi zaidi upande wa steroidi.

Wengi hupona ndani ya mwaka mmoja hivi wakipunguza mzigo na kufanya mazoezi ya kuimarisha kigasha, wakianza na uzito mdogo chini ya uangalizi wa mtaalamu wa fiziotherapia. Wakati huo, mzigo wowote uinue kiganja kikitazama juu, kiwiko kikiwa karibu na mbavu, na shuka zito mkamue wawili.