Umri, Bastola na Katiba: Jinsi Mahakama za Marekani Zinavyosoma Andiko la Kale

Jimbo la Minnesota nchini Marekani si geni kwa Walutheri wa Tanzania. Dayosisi ya Iringa ina uhusiano wa miaka mingi na Sinodi ya Saint Paul iliyo katika jimbo hilo, na watumishi wa pande zote mbili hutembeleana. Kwa sheria ya mwaka 2003, mtu aliyetaka kibali cha kuchukua bastola hadharani huko alipaswa kuwa ametimiza miaka 21. Mwezi Julai 2024 mahakama ya rufani ilitamka kwamba sharti hilo linavunja Katiba, na mwezi Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufani ya jimbo. Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi uamuzi huo ulivyofikiwa, na kwa nini majaji wengine, wakisoma historia ile ile, wamehukumu vingine.

Msingi wa hoja zote ni Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyopitishwa mwaka 1791. Andiko hilo fupi lataja mgambo, na haki ya wananchi ya kuwa na silaha na kuzichukua. Umri halitaji. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba haki hiyo ni ya kila mtu binafsi, naye aweza kuweka bastola nyumbani ili kujilinda. Mwezi Juni 2022, katika shauri la Bruen, ilitamka kwamba haki hiyo yafika hata nje ya nyumba. Aidha, iliweka kipimo kipya: serikali inayotaka kutetea sheria ya silaha sharti ionyeshe kwamba sheria hiyo inapatana na mapokeo ya taifa. Kuonyesha kwamba sheria ina manufaa kwa umma hakutoshi. Mwaka 2024, katika shauri la Rahimi, Mahakama ilifafanua kwamba si lazima ipatikane sheria ya kale iliyo sawasawa na ya leo. Yatosha zikiwa na kanuni moja.

Swali basi ni hili: Je, kijana wa miaka 18 amo miongoni mwa hao “wananchi”? Wanaopinga mipaka ya umri hutaja sheria ya mgambo ya mwaka 1792, iliyowaandikisha wanaume kuanzia miaka 18. Hukumbusha pia kwamba tangu mwaka 1971 Katiba inampa mtu wa umri huo haki ya kupiga kura, na kwamba aweza kutumwa vitani. Kwa hoja za namna hii jaji mmoja huko Texas alibatilisha sheria ya jimbo hilo mwezi Agosti 2022, na mahakama ya rufani ikafanya vivyo hivyo kuhusu Pennsylvania mwaka 2024, kisha tena mwaka 2025.

Wanaoitetea mipaka hiyo hujibu kwamba mwaka 1791 mtu aliyekuwa chini ya miaka 21 alihesabiwa mtoto kisheria, chini ya mamlaka ya wazazi, wala mikataba yake haikumfunga. Hoja hiyo ilikubaliwa mwezi Machi 2025 na mahakama ya rufani iliyoithibitisha sheria ya Florida ya mwaka 2018. Sheria hiyo yahusu kununua silaha, si kuzichukua hadharani. Ilitungwa baada ya kijana wa miaka 19 kuwaua watu 17 katika shule ya Parkland.

Wanafunzi wa theolojia watalitambua tatizo hili upesi. Mapokeo hayasemi kwa sauti moja. Kizazi kile kile kilimwita kijana wa miaka 18 mgambo na pia mtoto. Tena, sheria ile ya mwaka 1792 iliwahusu wanaume weupe walio huru tu, na hakuna mahakama ya leo inayotaka kuurudisha mpaka huo. Hivyo msomaji, hata aliye mwaminifu, hana budi kuchagua ni lipi katika mambo ya kale lenye kumfunga, na uchaguzi huo wastahili kuelezwa waziwazi.

Tusidhani kwamba haya ni mabishano ya wasomi tu. Mwaka 2020 silaha za moto ziliua watoto na vijana wa Marekani wa miaka 1 hadi 19 kuliko sababu nyingine yoyote ya vifo. Kwa upande mwingine, msichana wa miaka 19 anayeishi peke yake katika mtaa wa hatari huuliza kwa nini uhai wake ulindwe pungufu kuliko wa jirani yake wa miaka 21. Mchungaji anayewapokea wageni kutoka Minnesota ayajue maswali yote mawili kabla hajawauliza wao wanasimama upande gani.