KANISA LA BEDFORD, NA JINSI LILIVYOJITAWALA

Wengi wenu mmekisoma kitabu cha Safari ya Msafiri alichokitunga John Bunyan, nanyi mwamjua yule Mkristo aliyetoka kwao na mzigo mgongoni. Lakini kanisa lililomlea Bunyan mwenyewe halijulikani sana kwetu. Nalo lafaa kujulikana, hasa na ninyi ndugu walimu, kwa sababu neno hili la kanisa kujitawala latajwa mara nyingi, na wako wadhanio kwamba maana yake ni kutoamriwa na mtu. Watu wa Bedford hawakuona hivyo. Kwao lilikuwa ni kazi, tena kazi nzito, wala hapana aliyesamehewa.

Bedford ni mji wa Uingereza, wapata maili 50 kaskazini ya London. Mwaka 1650, wakati nchi ilipokuwa imetoka katika vita vya mfalme na Bunge, watu 12, wanaume 4 na wanawake 8, walikusanyika wakajitoa kwa Bwana, kisha wakajitoa wao kwa wao, wawe kanisa. Mchungaji waliyemchagua aliitwa John Gifford. Huyu alikuwa ofisa wa jeshi la mfalme. Mwaka 1648 alishikwa huko Maidstone akahukumiwa kunyongwa. Lakini dada yake alipokwenda kumwona gerezani aliwakuta walinzi wamelala, wengine wamelewa, naye akamwambia atoroke, akatoroka. Akafika Bedford akafanya kazi ya uganga, naye alikuwa mlevi, mcheza kamari, mwenye kuwachukia sana watu wa dini. Usiku mmoja alipoteza pauni 15 katika kamari, akamkufuru Mungu kwa hasira. Kisha akasoma kitabu cha mhubiri mmoja, moyo wake ukachomwa, akaokoka. Wakristo wa mji walimwogopa kwanza, wakakaa mbali naye. Nadhani mabaraza mengi ya kanisa yangalifanya vivyo hivyo, wala si vibaya. Lakini walimwangalia mwenendo wake, hata wakajua ya kuwa ni kweli.

Imani yao haikuwa ngeni. Walishika ya kuwa Maandiko Matakatifu ndiyo kipimo cha mambo yote ya wokovu; ya kuwa mtu huhesabiwa haki kwa imani, si kwa matendo; ya kuwa sharti azaliwe mara ya pili; na ya kuwa Kristo peke yake ndiye kichwa cha Kanisa. Neno hilo la mwisho ndilo lililozaa desturi zao zote za utawala. Makanisa ya namna hii yalikuwa mengi katika Uingereza siku zile. Mwaka 1658 wajumbe wa makanisa kama 120 walikutana London katika nyumba iitwayo Savoy, wakaandika ungamo la imani yao, na mwanachuoni John Owen alikuwa mmoja wa walioliandika. Walisema kwamba Kristo amelipa kila kusanyiko la waaminio uwezo wote lililo na haja nao, kuchagua wachungaji na mashemasi, kupokea watu na kuwatenga. Kukiwa na shida, makanisa mengine yaweza kutuma wajumbe watoe shauri. Lakini hilo ni shauri tu, si amri.

Hapo mwenye akili atauliza: Je, ndugu wakigombana, ni nani atakayewaamua, ikiwa hapana askofu? Swali hili ni la haki, na makusanyiko mengi ya namna hii yamevunjika kwa ajili yake. Gifford aliliona. Alipokuwa karibu kufa, mwaka 1655, aliwaandikia watu wake barua akiwasihi wasitengane kwa ajili ya ubatizo, wala kuwekewa mikono, wala kuimba zaburi, wala mambo mengine ya nje. Maana wengine kati yao walibatizwa wangali wachanga, na wengine waliona ubatizo ule si kitu, wakabatizwa tena katika maji mengi. Sharti la kuingia lilikuwa imani katika Kristo na utakatifu wa maisha, basi.

Msidhani kwamba kwa hiyo mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu. Aliyetaka kuingia alituma maombi yake. Kanisa likawachagua ndugu wawili watatu waende kuzungumza naye nyumbani. Wakarudi wakatoa habari. Kisha yeye mwenyewe akasimama mbele ya wote akaeleza jinsi Mungu alivyomtendea rohoni mwake. Na aliyekwisha ingia alitunzwa. Walikuwa na kitabu cha kanisa, nacho kipo hata leo, na ndani yake yameandikwa makosa ya watu pamoja na maonyo waliyopewa: kwanza faraghani, kisha mbele ya mashahidi, kisha mbele ya kanisa lote. Mmoja alitengwa kwa ulevi, hata ikawabidi watu watatu kumchukua kutoka nyumba ya wageni ya Swan mpaka kwake. Kazi ya kumwendea ndugu aliyekosa, na kubisha mlangoni pake, na kumwambia uso kwa uso, haikuwa ya mchungaji peke yake. Aliyetumwa alikwenda, awe mfanya kofia au mwuza duka. Ni nani kwetu apendaye kutumwa hivyo?

Bunyan, fundi wa kutia viraka masufuria, aliingia katika kanisa hili, na ndugu wakaona kipawa chake wakamwita ahubiri. Mwaka 1660 mfalme alirudi, na wahubiri wasio na ruhusa ya maaskofu wake wakakatazwa. Mwezi Novemba Bunyan alikamatwa. Mwaka uliofuata mkewe Elizabeth alikwenda mbele ya majaji kumwombea, akiwa na watoto wanne wa kulea, mmoja wao kipofu. Akaulizwa kama mumewe ataacha kuhubiri. Akajibu kwamba hathubutu kuacha maadamu aweza kusema. Alikaa kifungoni miaka 12.

Kanisa nalo lilifukuzwa katika jengo lililokuwa likisali, wakawa wakikutana katika nyumba za watu. Waliwachagua ndugu wawili kati yao wawaongoze. Tangu 1664 mpaka 1668 kitabu chao hakina neno. Mwaka 1670 ikatoka sheria ya kwamba kila mtu aonekanaye katika mkutano wa namna ile alipe shilingi 5, na mara ya pili shilingi 10. Mhubiri na mwenye nyumba pauni 20. Maofisa wakaja Bedford kutwaa mali. Kwa mwuza duka mmoja walitwaa sufuria la shaba kwa shilingi zake 5, lakini hakupatikana mtu mzima wa kulichukua. Wakampa mtoto peni 6, akalipeleka katika uwanja wa nyumba ya wageni. Watu wa pale walipojua ni sufuria gani, wakamfukuza pamoja nalo. Hata wasio wa kanisa walikuwa wamekwisha ona mwenendo wa watu hawa.

Tarehe 21 Januari 1672, baada ya maombi mengi na mashauri, kanisa liliinua mikono likamchagua Bunyan kuwa mchungaji, naye bado ni mfungwa. Siku ile ile wakawakubali ndugu saba wengine wawe wahubiri, wasimwachie kazi mtu mmoja. Miezi michache baadaye mfalme alilegeza sheria, Bunyan akafunguliwa, nao wakanunua ghala iliyokuwa katika shamba la miti ya matunda kwa pauni 50, wakaigeuza nyumba ya ibada. Mwaka 1673 akaandika kitabu kizima kushikilia lile neno la Gifford, kwamba tofauti ya ubatizo isimzuie mtu kuja kwenye meza ya Bwana. Wenye kushika ubatizo wa watu wazima tu walimkasirikia sana.

Alifariki London mwaka 1688, baada ya kunyeshewa mvua njiani, akitoka kumpatanisha baba na mwanawe. Mchungaji aliyemfuata, Ebenezer Chandler, alishika ubatizo wa watoto wachanga. Kanisa lilijua, likamchagua.