CAF: ile grève iliyotufungulia mlango wa Kombe la Dunia

Katika kambi zetu kila mtoto anajua Mazembe na Lupopo. Lakini CAF, shirika linalosimamia mpira wa Afrika yote, tunaitaja tu siku arbitre ametukasirisha. Kumbe historia yake inatugusa kabisa sisi watu wa mine.

CAF ilizaliwa Khartoum, Sudan, mwaka 1957. Inchi zilikuwa 4 tu: Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika ya Kusini. Palepale maneno yakaanza. Afrika ya Kusini ilitaka kuleta ekipe ya wazungu peke yao ao ya weusi peke yao. Wenzake wakakataa. Kombe la kwanza likachezwa na inchi 3, na Afrika ya Kusini ikabaki inje mpaka miaka ya 1990.

Kisha ikaja hesabu ya nafasi. Kombe la Dunia la 1966 lilikuwa na ekipe 16. Ulaya ilipewa nafasi 10. Afrika, Azia na Oseania zilipaswa kugombania nafasi 1, zote pamoja! CAF ikafanya kitu tunachokijua: grève. Ekipe za Afrika zikajitoa zote.

Grève iko na bei. Ghana ilikuwa bingwa wa Afrika 1963 na tena 1965. Ikabaki nyumbani. Wachezaji wale hawakukanyaga Kombe la Dunia hata siku moja. Inchi yao ilifika mara ya kwanza 2006. Sisi pia tunajua bei hiyo: Desemba 1941, hapa Lubumbashi, askari waliwapiga risasi wafanyakazi wa mine waliogoma juu ya mshahara, tena kwenye kiwanja cha mpira.

Lakini FIFA ikalegea. Kuanzia 1970 Afrika ikapata nafasi yake yenyewe, na Maroko ikaenda. Mwaka 1974 ikawa zamu ya Leopards, na kipa wetu Kazadi wa Mazembe: ekipe ya kwanza kutoka kusini ya Sahara. Kwa 2026 nafasi za hakika ni 9.

Basi, mwenzetu akiuliza kwenye mkutano wa sendika, «Mimi nitapata nini?», tumuelezee Ghana ya 1966. Wale walilipa. Kazadi akaingia.