Kabambare: Kijiko cha mawese kinachosahaulika katika hesabu ya chakula

Katika familia nyingi za Kabambare, kusini mwa Maniema, bugali wa muhogo na sombe huliwa kwenye sahani moja. Mama akiulizwa jana walikula nini, hujibu upesi. Akiulizwa kila mmoja alikula kiasi gani, jibu ni gumu: matonge hayahesabiwi.

Kosa dogo lina uzito. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ya wanga 4. Kijiko kikubwa cha mawese kikisahaulika, takribani kilokalori 120 zinapotea, wakati mgao wa dharura hupangwa kwa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku.

Kipimo kinachotumiwa sana na PAM huuliza aina za vyakula vilivyoliwa ndani ya siku 7, hakipimi kilokalori. Anayetaka kilokalori hana budi kupima chakula kwa mizani kabla ya kupikwa, kuuliza pia kilicholiwa shambani, na kurudia mahojiano siku nyingine.

Bila hivyo, nyumba yenye njaa inaweza kuandikwa kuwa imeshiba, na msaada ukaipita.